Kengele Mbele ya Kipoyi

Kwa muda wa miaka ishirini na miwili, Barthélemy Karangwa aliwatangulia wagonjwa wa Gasura akiimba, akiwa na kengele mkono wa kulia na mwavuli mkono wa kushoto, na katika miaka yote hiyo bega lake halikugusa mti wa kipoyi hata mara moja. Jambo hili linakubaliwa na mashahidi wote waliohojiwa, akiwemo yeye mwenyewe. Wanapotofautiana ni katika sababu tu. Wachukuzi wanasema alikuwa mvivu. Yeye anasema kengele pia ni huduma.

Gasura ni kilima cha wakulima wa maharage na migomba katika nchi ya Masisi, kati ya machimbo ya Rubaya na ziwa Kivu. Kushuka hadi hospitali ya Kirotshe ni mwendo wa saa sita kwa mtu mwenye afya asiye na mzigo, na mvua ikinyesha hakuna pikipiki inayoweza kuupanda ule udongo. Kwa hiyo mgonjwa hubebwa. Kipoyi ni machela ya mianzi iliyosukwa kwa kamba, yenye miti miwili mirefu. Hukaa juu ya mabega manne, na wanaume wengine wanne hufuata nyuma wakingoja zamu. Kila nyumba hutoa bega moja. Nyumba isiyotoa bega haibebewi mtu wake.

Sheria hiyo ingekuwa ya kikatili kama wazee wa kilima wasingaliitilia mlango. Mtu aliyekosa zamu yake alileta bidoni moja, dumu zima la kasiksi, yaani pombe ya ndizi, mbele ya wachukuzi. Walikaa duara, wakanywa, mkosaji akanywa wa mwisho, kisha bidoni ikapinduliwa mdomo chini. Tangu hapo lilikuwa mwiko kulitaja kosa lile. Aliyelitaja alidaiwa bidoni nyingine, na haikujalisha kama ni mzee au ni chifu. Hakuna mtu wa Gasura aliyeuita utaratibu huo upendo. Waliuita kasiksi, wakafuta midomo, wakaenda shambani.

Ndipo alipotokea mtu wa kuwafundisha upendo.

Barthélemy alizaliwa mwaka 1964, mtoto wa tatu wa mkulima ambaye hakuna anayekumbuka lolote baya juu yake. Alisoma miaka miwili ya sekondari huko Masisi-centre, akarudi bila cheti lakini akiwa na koti la kijivu lenye vifungo vitano. Koti hilo lilimfikisha mbali kuliko ambavyo cheti kingemfikisha. Mwaka 1997 alichaguliwa kuwa kiongozi wa shirika, yaani jumuiya ndogo ya waamini wa kilima, na kengele ya kapela, ile inayowaita wachukuzi, ikahamia nyumbani kwake. Yeye ndiye aliyeandika barua za ubatizo na za ndoa. Watu wa misaada walipofika na orodha zao za maharage na maturubai, walimuuliza yeye nani ni maskini. Mtu akitaka kujua kwa nini kilima kizima kilimvumilia, jibu ni hilo, wala halihitaji utafiti zaidi.

Somo lake alilolipenda lilikuwa moja tu: sifa za upendo wa Kikristo. Alizihesabu kumi na tano. Kumi za kwanza alizihesabia vidole, na vidole vilipokwisha alishuka kwenye vifungo vya koti. Upendo una saburi, kidole gumba, upendo ni mpole, hauna wivu, haujisifu. Hapo kwenye kutojisifu alikuwa na kawaida ya kunyamaza kidogo, akiwatazama waamini mmoja mmoja ili wapate nafasi ya kumfikiria yeye. Sifa ya tisa, kwamba upendo hauweki hesabu ya mabaya, iliangukia kidole chenye pete, naye hakukawia hapo. Kifungo cha mwisho alikigusa kwa macho yaliyofumbwa. Watoto walijifunza orodha yote kwa moyo, na waliokosea walipigwa kidogo.

Mwaka 2003, Barthélemy alipiga marufuku kasiksi ya wachukuzi. Dhambi, alisema, haiwezi kusafishwa kwa dhambi nyingine. Mahali pa bidoni aliweka kaye, daftari la kuandikia. Aliyekosa zamu aliandikwa humo, na kila Jumapili baada ya matangazo majina yalisomwa mbele ya wote, hadi mwenye jina asimame Jumapili tatu mfululizo na kuungama kwamba alipungukiwa na upendo. Kaye hiyo bado ipo. Jalada lake ni la buluu, na mwandiko ni mzuri sana. Hivyo ndivyo makosa ambayo zamani yalimezwa alasiri moja yalivyopewa uzima wa miaka, na mtu aliyefanya hivyo alilala vizuri akijua kwamba amekisogeza kilima karibu na Mbingu.

Jina lililodumu kuliko yote katika kaye ni la Dusabimana, mkulima asiye na maneno mengi, mume wa Mukankusi, ambaye ana maneno ya kutosha nyumba mbili. Mwezi wa tano mwaka 2016, Dusabimana alikuwa Rubaya akibeba magunia ya mchanga wa madini kwa mgongo kutoka mashimoni hadi barabarani, kwa sababu maharage ya mwaka huo yalioza. Kengele ikalia kwa ajili ya bibi kizee mmoja. Nyumba ya Dusabimana haikuwa na mwanamume mwingine, bega lake likakosekana. Aliporudi na kuambiwa, alifanya alichokiona baba yake akikifanya: alimtuma mkewe apike kasiksi, akaibeba hadi mbele ya kapela. Barthélemy aliamuru imwagwe kwenye maua. Wazee bado wanasema kwamba maua hayo hayajawahi kustawi kama mwaka ule.

Akaambiwa asimame aungame. Alisimama mara moja tu. Aliyoyasema yameshuhudiwa na watu wengi, nayo ni mafupi.

“Sikukuwa hapa. Nilikuwa Rubaya.”

Barthélemy alimwambia kwamba hiyo si toba, ni anwani. Watu walicheka, kwa kuwa mwenye barua za ubatizo alikuwa anatania, na Dusabimana akakaa. Hakusimama tena. Hakukataa kwa kiburi. Alishindwa tu kuungama kupungukiwa na kitu ambacho hakuona amepungukiwa nacho.

Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata, Mukankusi alishikwa na uchungu wa kuzaa, na mtoto alikuwa amelala vibaya. Dusabimana alikimbia nyumbani kwa Barthélemy kuomba kengele. Barthélemy hakusema hapana. Mtu wa aina yake hasemi hapana. Alisema kwamba upendo hauendi kinyume cha utaratibu, kwamba jina limo katika kaye, kwamba litafutwe kwanza, na kwamba wakati huo huo yeye ataomba. Aliomba kweli, mkewe Verdiane anathibitisha kwamba aliomba kwa sauti nzuri. Luc, mkubwa wa wachukuzi, alikuwa nyumbani kwake mita mia mbili kutoka hapo, akiwa amekwisha kukunja suruali. Akiulizwa leo kwa nini hakwenda, hajitetei.

“Tulingojea kengele,” anasema. “Ile njo aibu yetu.”

Mukankusi alishuka kwa miguu, akimwegemea mumewe. Mtoto alizaliwa kando ya kijito, nusu ya njia, naye hakulia. Walimzika huko huko, juu kidogo ya maji, wakaweka mawe. Jumapili iliyofuata jina la Dusabimana lilisomwa kama kawaida, kwa kuwa kaye haikuwa na mahali pa kuandika jambo kama hilo.

Sasa tufike mwaka 2019, ambao ndio unaompa Barthélemy nafasi katika maandishi haya. Mukankusi alikuwa na mimba tena, ya miezi saba. Mganga wa zahanati alikuwa amemwambia waziwazi kwamba kwa historia yake lazima ajifungulie Kirotshe. Jina lilikuwa bado limo katika kaye. Kila mtu Gasura aliweza kufanya hesabu hiyo: miezi miwili, jina moja, saa sita za njia.

Jumanne moja ya mwezi wa nne, alfajiri, aliyeanguka ni Barthélemy. Alikuwa na ngiri ya muda mrefu ambayo hakuwahi kuitibu, nayo asubuhi hiyo ikajifunga. Tumbo likawa gumu kama ubao, akaanza kutapika. Verdiane alipiga kengele mwenyewe. Wakaja wanaume watatu: Luc, Yves na Paul. Waliobaki walikuwa Rubaya wakitafuta madini, kwa sababu maharage yalikuwa yameoza tena, sababu ile ile ambayo Barthélemy hakuikubali miaka mitatu nyuma. Kipoyi hakibebwi na watu watatu. Mwanamume wa nne mwenye nguvu aliyekuwa kilimani siku hiyo alikuwa mmoja tu.

Verdiane alikwenda. Alisimama nje ya ua wa Mukankusi bila kuingia. Mukankusi alikuwa ameketi akiambua maharage, naye hakuinuka.

“Mama Verdiane, karibu,” alisema. “Umetuletea kaye?”

“Papa anakufa, Mukankusi.”

“Pole. Na kengele inabakia kwa nani?”

Verdiane alimwambia aseme yote anayotaka, atayasikiliza hadi mwisho, lakini mabega yako matatu.

“Shida njo hiyo,” alisema Mukankusi. “Jina ya bwana yangu iko mu kaye. Muntu wa mu kaye iko na ruhusa ya kubeba mukubwa wa shirika? Uende umuulize kwanza. Tusimukasirishe, iko mugonjwa.”

Alikuwa na mengine ya kusema, na kwa kumjua, yalikuwa mazuri zaidi. Lakini wakati huo Dusabimana alitokea nyuma ya nyumba. Alikuwa amekunja jani kavu la mgomba na kuliweka begani, kama wafanyavyo wachukuzi ili mti usikwaruze ngozi. Alipita katikati ya wanawake wale wawili bila kuwatazama, akashika njia ya nyumbani kwa Barthélemy. Mukankusi alimfuata kwa macho hadi kwenye migomba. Baadaye alitema ganda la haragwe.

“Sawa,” alimwambia Verdiane. “Mumubebe. Lakini asiimbe.”

Safari ilichukua saa tisa, mabega manne bila zamu. Kwenye mteremko uzito wote wa kipoyi huwaangukia wa mbele, na Dusabimana alishika mbele tangu Gasura hadi barabarani. Wenzake wanasema walimwomba wabadilishane, naye hakujibu. Barthélemy alijibu kwa niaba ya wote: alilalamika kwamba wanamtikisa, akawafundisha mahali pa kukanyaga, akamkumbusha Paul kwamba saburi ni sifa ya kwanza. Yves, ambaye jasho lilikuwa linamwingia machoni, alimwuliza kwa heshima kama anajua kwamba yeye ni mzito kuliko kengele.

Kwenye kijito walikitua kipoyi wanywe maji. Dusabimana alipanda hatua chache juu ya maji, akalirudisha mahali pake jiwe moja lililokuwa limeteleza kwa mvua, akarudi. Barthélemy aliuliza kwa nini wanapoteza muda hapo. Wanaume watatu walitazama chini. Dusabimana aliinama, akaweka bega chini ya mti, akasema neno lake la pekee katika safari nzima.

“Twende.”

Barthélemy alipasuliwa jioni hiyo hiyo, akapona. Mganga alimwambia kwamba angalichelewa hadi kesho yake, asingalipona. Habari hiyo ilifika kilimani kabla yake, na kwa wiki tatu watu wa Gasura walikuwa na hakika ya jambo moja: Jumapili atakayorudi, jina halitasomwa. Hata Mukankusi aliamini. Anakiri hilo kwa aibu, kama mtu anayekiri kwamba aliwahi kununua dawa sokoni. Alianza kukusanya nguo za mtoto.

Jumapili hiyo kapela ilijaa. Barthélemy alikuwa amekonda, koti likamlegea, akapendeza kama shahidi wa imani. Alisema kwa muda mrefu kuhusu mateso. Alieleza jinsi alivyovumilia kwenye kipoyi bila kunung'unika, na wale wanne hawakukohoa hata. Alihesabu sifa zote kumi na tano, vidole na vifungo, akionyesha katika kila moja jinsi neema ilivyomsaidia kuitimiza akiwa amelala chali. Alisema amemsamehe Dusabimana kwa moyo wake wote. Kisha akafungua kaye, akasoma: Dusabimana.

Watu walinung'unika. Akainua mkono, akaeleza kwa upole kabisa.

“Ndugu zangu, kama ningefuta hii jina juu alinibeba mimi, ningekuwa natafuta faida yangu. Na upendo hautafute faida yake. Sifa ya saba.”

Akashika kidole cha saba ili wakione.

Inafaa kusimama hapo na kumtazama mtu huyu, kwa kuwa ufidhuli kamili kiasi hicho hauonekani mara nyingi, hata katika nyaraka. Mwizi anajua anaiba. Huyu aliokolewa na bega la mtu, akatumia fundisho lenyewe la upendo kuliwekea bega hilo doa, akashuka madhabahuni akiwa na uso wa mtu aliyejinyima kitu kwa ajili ya Mungu. Hakuwa anadanganya. Hilo ndilo la kuchukiza zaidi.

Aliyetoka kwanza kapelani siku hiyo ni Verdiane. Ni mwanamke ambaye katika miaka thelathini ya ndoa hakuna anayekumbuka akisema zaidi ya lazima, na labda ndiyo sababu hakuna aliyemwangalia. Jumatatu alifukia ndizi shimoni ziive. Alhamisi alizikamua, akatia unga wa mtama wa kuchachusha. Barthélemy alisikia harufu, akaambiwa ni ya harusi ya kwao. Jumamosi asubuhi alitoka nyumbani na bidoni mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso, na chini ya kwapa ameshika kamba mpya za kusukia kipoyi. Kwa desturi ya zamani, nyumba ya aliyebebwa ndiyo hurudisha kipoyi kikiwa kimetengenezwa, nayo huwashukuru wachukuzi kwa kasiksi. Mumewe alikuwa ameibadilisha desturi hiyo kwa sala fupi.

Hakwenda kwa Luc. Alikwenda kwa Dusabimana, akaomba Luc, Yves na Paul waitwe, na wengine waliokuwa wamerudi kutoka Rubaya. Walikaa duara uani. Mukankusi alitazama ile bidoni, akamtazama aliyeileta, akaenda kuleta vibuyu vya kunywea. Luc aliuliza lile swali ambalo mkubwa wa wachukuzi huuliza, na ambalo halikuwa limeulizwa Gasura kwa miaka kumi na sita.

“Hii pombe ni ya kosa gani, Mama?”

“Ya nyumba yangu,” alisema Verdiane. “Na ya hii nyumba pia. Mukunywe yote.”

Walikunywa yote. Dusabimana alikunywa wa mwisho, na kabla yake Verdiane, kwa kuwa alisimama mahali pa mkosaji wa nyumba yake. Luc alipindua bidoni mdomo chini, akaiacha hapo.

Kesho yake Barthélemy alifungua kaye na kusoma: Dusabimana. Luc alisimama mahali pake, mstari wa tatu, kofia mkononi.

“Papa Barthélemy,” alisema, “ile tulishaka kunywa.”

Bibi mmoja wa nyuma, aliyekuwa na umri wa kuikumbuka sheria yote, alisema kwamba basi mwenye kulitaja kosa anadaiwa bidoni nyingine, na ataileta lini. Kapela nzima ilicheka. Hakikuwa kile kicheko cha zamani, cha watu wenye watoto wa kubatizwa. Barthélemy alimtafuta mkewe kwa macho; Verdiane alikuwa anatazama mbele, mikono magotini. Akafunga kaye. Baadaye alieleza kwamba miwani yake ilikuwa imeshika ukungu. Kurasa za baada ya siku hiyo ni tupu.

Mukankusi alibebwa mwezi wa sita, saa nne asubuhi, na wanaume wanane. Kengele ilibaki nyumbani. Barthélemy aliwafuata nyuma hadi kwenye migomba, akawabariki, akarudi kwa sababu kovu lilimuuma. Mtoto, msichana, alizaliwa Kirotshe, akalia mara moja na kwa nguvu. Kipoyi sasa kinatundikwa chini ya paa la Dusabimana. Hakuna mkutano ulioamua hivyo. Siku wachukuzi waliporudi kutoka Kirotshe, walipita mbele ya nyumba ya kiongozi wa shirika bila kupunguza mwendo.

Yeye bado ni kiongozi. Wageni wakifika kilimani, huwaambia kwamba ni yeye aliyewafundisha watu wa Gasura kubebana, na kwamba ni yeye aliyempa mtoto yule jina, Mapendo, kwa kumbukumbu ya somo lake. Mukankusi aliulizwa kuhusu hilo akiwa shambani, naye hakuacha kupalilia.

“Anaitwa Naomie,” alisema. “Na kama anataka kumuita vingine, akuje kwanza na bidoni.”